Kofia ya Al Thumama na Boriti za Lamu

Kusini mwa mji wa Doha, katika mtaa wa Al Thumama, si mbali na uwanja wa ndege wa Hamad, Waqatari wamesimamisha kiwanja cha kandanda chenye umbo la kofia. Wala si kofia ya kubuni, bali ni ile gahfiya nyeupe yenye nakshi ambayo wanaume na wavulana wa Ghuba huivaa peke yake au chini ya kitambaa cha kichwani, ghutra, na ambayo mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja akiitazama, mara moja huitambua kuwa ni ndugu wa kofia ya viua ambayo wazee wake waliivaa kwenda msikitini siku ya Ijumaa. Aliyechora ramani ya jengo hilo, Ibrahim Jaidah, ni Mqatari aliyeshughulika miaka mingi na ujenzi wa kale wa nchi yake, hata akashiriki kuuandikia kitabu. Kiwanja kilifunguliwa tarehe 22 Oktoba 2021 kwa fainali ya Kombe la Amiri, na mwaka uliofuata, tarehe 10 Disemba, Moroko ikaifunga Ureno bao 1 kwa 0 humo humo, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Basi mamilioni ya watu ambao katika umri wao hawakupata kuisikia gahfiya waliiona usiku ule, na bila shaka wengine waliuliza ni nini.

Swali hilo la mgeni ndilo mtaji wa utalii wa turathi, na jirani zetu wa ng'ambo wamelipata kwa kukiheshimu kitu cha kila siku, kilichokuwa kichwani mwa kila mtoto, badala ya kungoja magofu peke yake yawaletee wageni. Si kwamba magofu hawana: wanao mji wa Al Zubarah, mji wa wavuvi na wapiga mbizi za lulu ulioteketezwa kwa moto mwaka 1811, nao umo katika orodha ya Turathi za Dunia tangu 2013. Lakini gofu husimulia watu waliokwisha kuondoka, ilhali kofia husimulia walio hai. Sisi watu wa pwani, ambao kofia hiyo tungali tunaishona kwa mikono yetu wenyewe, hatujaijengea hata chumba kimoja cha kumkaribisha mgeni amwone fundi kazini.

Atokaye Al Thumama akaingia katika nyumba za kale za Doha zilizofanyiwa ukarabati, hana budi ainue macho aitazame dari. Atakuta miti myembamba iliyonyooka, imepangwa sambamba toka ukuta hadi ukuta, na juu yake mikeka na udongo. Miti hiyo si ya Qatar, kwani nchi ile haina msitu wa kukata boriti. Mikoko yake ya Al Thakira, huko kaskazini karibu na Al Khor, ambako leo wageni hupiga makasia katika vijito vyake kwa furaha kubwa, ni michu, mti wenye baraka kwa samaki na ndege, lakini usionyooka wala kurefuka kiasi cha kubeba dari. Boriti zilitoka kwetu. Zilikatwa katika mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji na watu waliosimama katika tope mpaka magotini wakiyavizia maji ya kupwa, zikachaguliwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, zikahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, kisha zikapakiwa katika majahazi yaliyokuja kwa kaskazi na tende, chumvi na mazulia, yakarejea kwa kusi yamesheheni miti. Na kwa kuwa boriti njema haizidi sana mita tatu, vyumba vya Lamu na vyumba vya Ghuba vikawa vyembamba kwa kadiri moja, hata mtu aliyezaliwa katika nyumba ya mawe ya Lamu akilala katika chumba cha kale cha Doha hatajiona mgeni.

Lakini bahari hiyo haikubeba miti tu, wala haifai turathi ikasimuliwa kwa nusu. Katika mtaa wa Msheireb, Doha, iko nyumba ya Bin Jelmood, iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2015, nayo inaeleza waziwazi habari za utumwa wa Bahari ya Hindi, wakiwamo watu waliotekwa Afrika Mashariki wakatumikishwa majumbani na katika majahazi ya lulu, hata utumwa ulipopigwa marufuku Qatar mwaka 1952. Nchi iliyoweza kuweka nyumba hiyo katikati ya mji wake mkuu imefanya jambo la haki, na miji yetu ya pwani, ambayo aghlabu humwonyesha mgeni milango ya nakshi na kupita upesi penye minyororo, inapaswa kuliiga.

Sasa tuitazame Lamu yenyewe. Mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, na kaunti yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kila mwaka Maulidi ya msikiti wa Riyadha huwakusanya watu kutoka pande zote za pwani na kwingineko. Hazina hiyo ni kubwa, lakini faida yake imegawanyika vibaya. Serikali ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, ilikuwa na sababu njema ya kuihifadhi miti. Ila mkata boriti, ambaye baba na babu yake waliishi kwa shoka, hakupata kazi nyingine iliyolingana na ile aliyopoteza, na utalii uliokua baadaye ulimpita kando, ukaenda kwa wenye hoteli na kwa wageni walionunua nyumba za mawe za Shela na za mjini. Na mkataji huyo ndiye aijuaye mikoko kuliko mtu yeyote: ajua mlilana na mkandaa, ajua kijito gani hukauka lini, ajua nyimbo zilizoimbwa wakati wa kupakia. Kumwacha nje ya utalii wa mazingira ni kuifunga maktaba na kumwonyesha msomaji jalada.

Anayedhani kwamba jambo hili haliwezekani aende Gazi, katika kaunti ya Kwale. Huko kikundi cha wanawake kimejenga njia ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya mikoko, wageni hulipa kiingilio, wakaelezwa na wenyeji wenyewe, wakapikiwa chakula. Na karibu nayo mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, na fedha zake zimeleta maji ya bomba na vifaa vya shule. Vivyo hivyo Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja kilichohifadhiwa tangu mwaka 1994, fedha za wageni hulipia safari za wanafunzi wanaopelekwa kuyaona matumbawe ya nchi yao. Haya yamefanyika kwa mtaji mdogo mno ukilinganisha na gharama ya kiwanja kimoja cha mpira.

Kofia nayo ina dhiki yake. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono huchukua majuma mengi, pengine miezi, tundu moja baada ya jingine likizungushiwa uzi, na sokoni inakutana na kofia za mashine zilizoletwa kwa makontena na kuuzwa kwa bei isiyofikia hata thamani ya uzi na chakula cha fundi. Mgeni hawezi kupambanua asipoonyeshwa. Napendekeza basi Makumbusho ya Lamu yatenge chumba cha mafundi, wanaume kwa wanawake, washone mbele ya wageni. Kila kofia iandikwe jina la aliyeishona, na fundi apokee bei yake mkononi, si kwa dalali. Na balozi zetu zilizoko Doha zifanye mashauri na makumbusho ya huko ili chini ya dari zile za boriti pawekwe maelezo ya miti ilikotoka, maana maelfu ya vijana wetu wanaofanya kazi katika nchi ile wana haki ya kujua kwamba jasho la wazee wao liliufikia mji huo kabla yao.

Wako wanaohofu kwamba wageni wakizidi, Lamu itaharibika, maji yatapungua na heshima ya mji itavunjwa. Hofu hiyo ni ya haki, na naiafiki kiasi cha kusema kwamba idadi ya wageni katika vijito vya mikoko iwekewe kikomo tangu mwanzo, na kikomo hicho kiwekwe na wavuvi na wakata boriti wenyewe, kabla wizara haijachapisha tangazo lolote na kabla mwekezaji yeyote hajaonyeshwa kiwanja.