Kapteni, Andika na Jina la Mtoto

Likizo ya Agosti ikifika, klabu nyingi za gofu hufungulia watoto milango kwa siku mbili tatu. Wanaonyeshwa namna ya kushika fimbo, wanapewa soda na kofia, wanapigwa picha na mdhamini, basi. Jumamosi inayofuata orodha ya shindano la mwezi inabandikwa ubaoni, na watoto wale hawamo. Ombi langu kwa makapteni, kamati na wanachama wa klabu za ukanda wetu, kuanzia Kitale hadi Kakamega, ni fupi: chipukizi mwenye hendikapu, yaani mapigo ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, aandikwe kwenye orodha hiyo, acheze na watu wazima.

Najua pingamizi la kwanza, kwamba mtoto hatoshi. Kutosha au kutotosha, gofu ilishapata dawa yake. Mfumo wa hendikapu wa dunia ulioanza 2020 unamruhusu mchezaji yeyote, mkubwa kwa mdogo, kuwa na hendikapu ya hadi 54. Kuipata si miujiza: anawasilisha kadi za mashimo 54, hata kwa mafungu ya mashimo tisa tisa. Sasa mpange msichana mwenye hendikapu ya uwanja ya 36 na bwana mwenye 9, kwenye shimo la mapigo manne, mojawapo ya yale mepesi yasiyompa huyo bwana nyongeza. Msichana ana mapigo mawili ya bure kila shimo. Akimaliza kwa sita, hesabu yake ni nne, anapata pointi mbili za stebofodi, yaani hesabu ya pointi kwa kila shimo. Bwana akimaliza kwa tano, anapata moja. Msichana kashinda shimo, kihalali kabisa. Na akishinda siku nzima apewe kombe lile lile, jina lake lichorwe kwenye ubao wa mbao pamoja na majina ya wazee. Hii desturi ya kumtolea mtoto zawadi ya pembeni ili mkubwa asione haya siipendi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami silipuuzi. Mashindano yetu yana bia, yana dau la pembeni, na yana ndimi ambazo hulegea mpira ukizama majini. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inaponywewa. Basi zawadi zitolewe nje, kwenye nyasi, kabla ya baa kuchangamka. Dau lisitajwe katika kundi lenye mtoto. Na mtoto asitumwe peke yake na watu wazima watatu asiowajua kwa saa nne au tano. Mzazi au mlezi atembee na kundi. Klabu isiyoweza kutimiza hayo bora ingoje kwanza.

Lakini kwa nini tujisumbue, ilhali chipukizi wana mashindano yao na Junior Golf Foundation ipo? Kwa sababu ya kadi. Gofu kwa kawaida haina refa anayekimbia nyuma yako. Kila mchezaji huhesabu mapigo yake, na mwenzake katika kundi huyaandika. Maana yake mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kukabidhiwa kadi ya mtu wa rika la babu yake. Mzee anasema, “Andika tano.” Mtoto alihesabu sita, pamoja na lile pigo la kwenye majani marefu lililosogeza mpira inchi chache tu. Afanye nini? Kwetu mtoto hamsahihishi mzee, tena mbele ya watu. Uwanjani anapaswa kusema, kwa adabu zote, “Samahani mzee, nadhani lilikuwa la sita.” Na mzee anapaswa kurudi nyuma kimawazo, ahesabu kwa vidole, akubali: “Ni kweli, andika sita.” Sijui darasa gani lingine katika kaunti zetu linalomfundisha mtoto kusema kweli mbele ya mkubwa bila kumkosea heshima, na linalomfundisha mkubwa kuipokea. Watoto wakicheza wao kwa wao hawalipati somo hilo. Na nashuku wapo wanachama ambao wangehesabu kwa uangalifu zaidi wakijua kalamu iko mkononi mwa mtoto.

Sisemi kila mmoja atakuwa Lydia Ko, aliyeshinda Canadian Women's Open mwaka 2012 akiwa na miaka 15, mbele ya wanawake wanaocheza kwa malipo. Tunaye wa karibu: Naomi Wafula alianzia gofu Kitale, akafika hadi Magical Kenya Ladies Open kule Vipingo.

Watoto wa Bungoma wana kikwazo kingine, nacho ni barabara. Anayetaka kucheza mashimo 18 Kitale apande matatu, apite Kamukuywa na Kiminini, akiwa na nauli ya kurudi na mfuko wa fimbo ambao huenda ni wa kuazima. Vipaji lakini vipo: hapo Kimilili tunao vijana wa Friends School Kamusinga, wanaosifika kwa mpira wa magongo. Mkono uliozoea kuuchapa mpira wa magongo hauanzi gofu kutoka sifuri. Wanachama mnaotoka Bungoma kwa magari yenu Jumamosi asubuhi, viti vya nyuma vina nafasi. Zungumzeni na wazazi na walimu, mbebe mtoto pamoja na mlezi wake.

Tuanze kidogo. Shindano moja katika likizo ya Agosti, mtoto mmoja kwa kila kundi, ada yake iwe nusu. Apige pigo la kwanza kutoka vibao vya mbele, kwa maana hendikapu ya uwanja hukokotolewa kulingana na mahali mchezaji anapoanzia, hivyo hakuna anayepunjwa. Makundi yao yapangwe asubuhi na mapema, kwa kuwa mvua ya Kitale msimu huo hupenda kushuka alasiri. Nawe mzazi, ukifuatana na kundi, beba maji na mwavuli, na umwache mtoto achague fimbo mwenyewe: kanuni hazikuruhusu kumpa ushauri katikati ya raundi isipokuwa wewe ndiye kedi wake.