Anayepokea 114 Naye Ampigie Nani?

Usiku wa Februari 3, 2023, Coaster iliyokuwa ikisindikiza maiti kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika Kilimanjaro iligongana na Fuso huko Magila Gereza, wilayani Korogwe. Watu 17 walitangazwa kufariki, wengi wao ndugu wa ukoo mmoja. Karibu miaka miwili baadaye, Januari 13, 2025, balaa likahamia Segera, wilayani Handeni. Ajali ilitokea, watu wakakimbilia kusaidia, na lori likaja likawaparamia waliokuwa wamekusanyika pale. Wakafa 11, wakajeruhiwa 13. Wako walioaga nyumbani kwamba wanakwenda mara moja kuokoa wenzao, wasirudi tena.

Kila baada ya msiba wa namna hii taifa hutoa pole kwa wafiwa na kuwaombea majeruhi, na ndivyo inavyopasa. Toleo hili tunalitoa kwa watu wanaosahaulika katika pole hizo: askari wa Zimamoto na Uokoaji wanaopokea simu za dharura za 114, trafiki, wauguzi, wahudumu wa chumba cha maiti, vijana wa bodaboda, wanakijiji wanaotoka na tochi za simu, na pamoja nao wanajeshi wetu wastaafu. Hoja yetu ni moja. Anayebeba maumivu ya wengine hubaki na jeraha lake mwenyewe, na jeraha hilo linatibika.

Mtazame askari wa Zimamoto akirudi nyumbani alfajiri kutoka kwenye ajali. Anavua buti nje ya mlango ili watoto wasione zilichokanyaga. Mkewe anamuuliza, "Za kazi?" Anajibu, "Salama." Anaoga mara mbili, chai inapoa mezani. Kilichomo kichwani mwake ni simu iliyokuwa ikilia mfukoni mwa mtu asiyeweza tena kuipokea, na jina lililotokea kwenye kioo: Mama. Mwezi unapita, naye bado anaisikia. Usingizi unamkatika saa nane za usiku. Watoto wakidondosha sufuria anashtuka na kufoka. Jioni anapitia kilabuni, na nyumbani wanasema kazi imemharibu tabia.

Hiyo si tabia. Ni kiwewe, nacho ni ugonjwa wenye jina na dawa. Tuwaangalie wanajeshi wetu wastaafu: Vita vya Kagera, tulivyopigana na Uganda, vilikwisha mwaka 1979. Mwaka uliofuata, 1980, madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu rasmi katika mwongozo wao, baada ya kuyaona mateso ya askari waliotoka Vietnam. Maana yake, mgambo na wanajeshi wetu walirejea vijijini kabla hata ugonjwa wao haujapewa jina hilo vitabuni. Wengi wamezeeka wakiitwa wakali au walevi, au wakidhaniwa wamerogwa. Baada yao tumewapeleka vijana wengine kulinda amani. Desemba 2017, kambi yao ilishambuliwa Semuliki, mashariki mwa Kongo, na Watanzania 15 wakapoteza maisha. Waliopoteza maisha tunawakumbuka kwa majina. Waliosalimika je, nani amewauliza wanalalaje?

Wengi wetu tukipatwa na jambo zito hupona wenyewe kadiri siku zinavyokwenda, tukishikwa mkono na jamaa. Wasiopona hawakosi imani wala ujasiri. Ndoto mbaya, mishtuko na kukwepa mahali palipotokea tukio vikizidi mwezi mmoja, huo ni wakati wa kumwona mtaalamu. Matibabu ni mazungumzo yenye utaratibu, kikao baada ya kikao, na vidonge pale daktari anapoona vinahitajika.

Kwa nini basi hawaendi? Kwanza ni jina. Tumeigeuza Mirembe, hospitali iliyojengwa Dodoma kwa ajili ya kutibu, kuwa tusi la vijiweni. Pili ni kazi: askari anahofia kwamba akisema halali, atanyang'anywa majukumu au atarukwa cheo. Tatu ni neno tunalowatupia tangu utotoni: jikaze. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua.

Ardhi hii ya Handeni na Korogwe, palipotokea ajali hizo, Mwenyezi Mungu ameipa vyote viwili: chuo cha waokoaji na hospitali ya kuwatibu. Handeni kuna Chogo, chuo cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ndiko alikopelekwa mafunzoni Majaliwa Jackson, mvuvi wa Bukoba aliyekimbilia kuokoa abiria wa ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Novemba 6, 2022. Korogwe nako, juu milimani, iko Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo hutajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Mahali palipoanza kwa kuwapokea walioonja ukatili hapawezi kuwa pa aibu kwa shujaa yeyote.

Tunaomba mambo matatu. Kila kurutu anayepita Chogo afundishwe dalili za kiwewe kama anavyofundishwa kushika mpira wa maji. Baada ya tukio kubwa, kikosi kizima kifuatiliwe kwa wiki kadhaa bila kumchagua mmoja, na bila kumlazimisha mtu kusimulia aliyoyaona usiku uleule. Wakienda wote, hakuna atakayenyooshewa kidole. Na siri ya matibabu ilindwe, ili kwenda kwa daktari kusigeuke doa kwenye faili. Ufuatiliaji huo umfikie na kijana wa bodaboda wa Segera, asiye na sare wala mshahara wa kazi ile, lakini mikono yake ndiyo iliyotangulia.

Kwako afande, kwako muuguzi wa zamu ya usiku, kwako mzee wetu uliyefika Kampala kwa miguu: hatukuombi uwe dhaifu. Ulipokuta mtu amenaswa kwenye vyuma hukumwambia ajikaze. Ulimwambia, "Tulia, msaada umefika." Jiambie na wewe maneno hayo, kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, umwambie mganga ukweli: silali.

Nasi tuliobaki nyumbani, tukipiga 114 ikaitikwa, tukumbuke kwamba aliyeitika ni binadamu. Akirudi salama, tumuulize analalaje, na tumsindikize hadi hospitalini.