Tabaka Giligili: Mchanga wa Turkana na Istilahi Zetu

Msafiri anayetoka Lodwar kwenda Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, hupata somo la fizikia bila mwalimu. Upepo uvumapo, vumbi hupanda likatanda angani; mchanga huruka kidogo na kumchapa vifundo vya miguu; changarawe hazibanduki. Upepo ni ule ule. Kinachotofautiana ni ukubwa wa chembe.

Somo hilo ndilo msingi wa mtambo ambao Fritz Winkler aliutumia nchini Ujerumani katika miaka ya 1920 kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi. Chembe hurundikwa katika chombo chenye sakafu ya matundu, kisha hewa hupulizwa kutoka chini. Kasi ya hewa ifikapo kiwango fulani, uzito wa chembe huhimiliwa na hewa hiyo, na mchanga mkavu huanza kutenda kama maji: hutiririka, hujisawazisha, kizito huzama ndani yake na chepesi huelea. Kwa chembe ndogo, kasi hiyo hulingana na kipeo cha pili cha kipenyo. Kipenyo kikiwa maradufu, kasi inayohitajika huwa mara nne.

Je, mtambo huu tuuiteje? Nimewahi kusikia ukiitwa "kitanda cha majimaji". Waama, hicho ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Mwanafunzi katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, aghalabu hujifunza Kiswahili kikiwa lugha yake ya tatu au ya nne. Akisikia jina hilo ataiona wodi ya hospitali, hatauona mchanga.

Warusi husema "tabaka linalochemka". Jina lao lina mvuto, kwa kuwa mapovu ya hewa hupasuka juu ya mchanga mithili ya uji chunguni. Hata hivyo, ukubwa wa chembe unalikataa. Mwaka 1973, Derek Geldart aligawa poda katika makundi manne. Mchanga wa kawaida wa mtoni hutoa mapovu mara tu unapoanza kuelea. Chembe ndogo kuliko hizo hutanuka kwanza kwa utulivu, bila povu lolote. Unga laini mno hushikamana, hewa ikajitobolea vijia na kupita zake. Chembe kubwa nazo huweza kurushwa juu kama chemchemi. Kuchemka, basi, ni tabia ya baadhi tu.

Napendekeza "tabaka giligili". Giligili hujumuisha kimiminika na gesi. Hutaja kutiririka bila kuahidi mapovu. Kitenzi chake, "kugiligilisha", kitawakera wengine, nami hunikera kidogo.

Kosa letu ni kuanza na kamusi ya Kiingereza badala ya kuanza na kitu chenyewe. Kiswahili kinatofautisha kupeta na kuchekecha: ungo hutenganisha kwa hewa na uzito, chekeche kwa ukubwa. Mama anayepeta mtama Kakuma anaielewa nusu ya nadharia hii, na maneno anayo.

Chama chetu na kiwaalike wenzetu wa uhandisi katika kikao kijacho. Walete chombo cha kioo, pampu, na mchanga wa aina tatu uliochekechwa. Tutazame kwanza, ndipo tubishane kuhusu majina.