Yatima wa msituni hahitaji mgeni wa wiki mbili, anahitaji mfanyakazi anayelipwa

Kila mara redio inapotangaza habari za gorila yatima wa Rumangabo, ujumbe wa aina mbili unaingia kwenye simu yetu. Wa kwanza unatoka kwa kijana mwenye diplome: "Nataka kwenda kujitolea kule, nifanye namna gani?" Wa pili unatoka kwa mzazi aliyekimbia vita: "Mnyama ananyweshwa maziwa, mtoto wangu analala njaa. Hiyo ni haki gani?"

Wote wawili wanastahili jibu, na jibu langu ni moja. Kulea yatima ni kazi, na kazi inalipwa. Anayeiita kujitolea anamdanganya kijana, anamnyima mzazi mshahara ambao ungefika nyumbani kwake, na mwishowe anamuumiza hata huyo mnyama.

Tuanze na mnyama. Julai 2007, ndani ya hifadhi ya Virunga, watu wenye silaha waliingia katika familia ya gorila iitwayo Rugendo. Walimpiga risasi dume kubwa, Senkwekwe, pamoja na majike. Mtoto mchanga Ndeze akabaki bila mama. Mwaka huohuo alikuwa amekwisha kupatikana mwingine, Ndakasi, mwenye umri wa miezi miwili, akiwa ameshikilia maiti ya mama yake. Waliletwa hapa Goma, na mwaka 2009 wakahamishiwa Rumangabo katika kituo kilichopewa jina la Senkwekwe.

Aliyempokea Ndakasi ni mtu wa kwetu, André Bauma. Alilala naye, akamlisha, akamcheza, akamuuguza. Vita ilipofika Rumangabo mwaka 2012, Bauma alibaki na yatima wake. Ndakasi alikufa tarehe 26 Septemba 2021, mikononi mwa mtu yuleyule. Piga hesabu: ni miaka 14.

Huo ndio urefu wa kazi hii. Mtoto wa gorila hunyonya miaka mitatu na zaidi, na mwanzoni haachi mwili wa mama yake usiku wala mchana. Huyu ameona mama akiuawa. Ukimpa mlezi wa kumzoea, kisha baada ya wiki mbili mlezi akapanda ndege na mwingine akaja, unamfanya yatima mara ya pili, ya tatu, ya kumi.

Kuna na suala la magonjwa. Mafua ambayo kwako ni kupiga chafya siku tatu yanaweza kumuua gorila. Ndiyo maana watu huvaa barakoa mbele yao, na ndiyo maana Virunga ilifunga milango kwa wageni Machi 2020 korona ilipoanza kusambaa. Mlezi wa kudumu anajulikana afya yake. Mgeni aliyepita viwanja vitatu vya ndege, nani anajua amebeba nini kifuani?

Lakini duniani kuna biashara inayouza ndoto hiyo. Mtu analipa pesa nyingi ili aitwe mwokozi, ampe mnyama chupa, apige picha, arudi kwao. Huko Afrika Kusini biashara hiyo ilifika pabaya: wageni walilipa kulea watoto wa simba wakiambiwa ni yatima, kumbe walizalishwa makusudi na kutenganishwa na mama zao, na walipokua baadhi waliuzwa kwa wawindaji. Wageni walikuja kwa huruma. Huruma yao ndiyo iliyolipia uovu ule.

Nyinyi mliokaa Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya hamhitaji kufundishwa jambo hili. Mliona waliokuja na kamera, wakawabeba watoto wenu dakika tano, wakaandika majina, wakaondoka. Mtoto akauliza kesho yake, "Yule tantine yuko wapi?" Mnajua tofauti ya mtu aliyepita na mtu aliyekaa. Muuguzi wa kambini aliyerudi kila asubuhi, huyo mnamkumbuka kwa jina.

Sasa tugeuke kwetu, maana ubaya huu una sura yake ya Goma. Hapa neno kujitolea limekuwa jina la heshima la kazi ya bure. Kijana anamaliza shule, anaambiwa afanye staji. Staji inakwisha, anaambiwa aendelee kidogo kama volontea, "nafasi itakuja." Mwaka unapita. Anaamka saa kumi na moja, anatembea kwa miguu kwa kukosa pesa ya moto, anafanya kazi ya mtu mzima, na jioni anarudi kula sombe ya mama yake. Sitaji shirika wala ofisi yoyote. Kila msomaji ana mmoja kichwani.

Ukipeleka tabia hiyo kwenye kituo cha wanyama, ni hatari zaidi. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa katika shambulizi moja: walinzi 12 wa hifadhi, dereva na raia wanne. Barabara hiyo ndiyo ya kwenda kazini. Mwenye mkataba akianguka, familia yake ina karatasi ya kuonyesha na mahali pa kuanzia kudai. Kijana wa kujitolea akipigwa risasi, mjane wake atabisha mlango gani?

Najua watakaonijibu: "Vituo havina pesa, bila watu wa kujitolea vitafungwa." Ninawaelewa, ila wanachanganya mambo. Daktari wa wanyama kutoka ng'ambo anayekuja mwezi mmoja kumfundisha mwenzake Mkongomani upasuaji, karibu sana. Fundi anayekuja kujenga ua, karibu. Mikono inayomgusa yatima kila siku iwe ya mtu wa hapa, mwenye mkataba. Pesa ambayo mgeni anatumia kwa tiketi ya ndege peke yake ingelipa mlezi mmoja wa hapa miezi kadhaa.

Na kazi yenye watu wa kudumu inazaa matunda. Kule Kasugho, wilaya ya Lubero, kituo cha GRACE kimelea gorila wa nyanda za chini tangu 2010. Mwaka 2024, majike wanne waliolelewa pale walipelekwa Mlima Tshiaberimu kuungana na kundi dogo la porini lililokuwa hatarini kutoweka. Kule Lwiro, Kivu Kusini, kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 kina sokwe zaidi ya 100. Wanyama hao wanakula kila siku, Krismasi na siku ya mapigano. Huwezi kuendesha jambo kama hilo kwa watu wanaokuja wakipenda.

Mama uliyetoka Masisi, swali lako la maziwa ni la haki, na sitakunyamazisha kwa kukuambia gorila analeta watalii. Watalii hawajakufikia. Ila tazama deni liko kwa nani. Kituo kile kikifungwa kesho, hakuna kilo moja ya unga itakayoongezeka kwenye sufuria yako, kwa sababu fungu la yatima na fungu la msaada wako havitoki mfuko mmoja. Wenye deni lako ni wenye bunduki waliokutoa kwako, ni viongozi wanaopaswa kukulinda, ni mataifa yaliyopunguza msaada mwaka 2025 wakati ule ule kambi zilipovunjwa. Bunduki zilizomuua mama wa Ndeze na zilizokutoa shambani kwako ni watoto wa vita moja.

Unachoweza kudai kwa kituo ni hiki: mshahara wake uingie katika nyumba za hapa. Mlezi mmoja anayelipwa ananunua maharage kwa jirani, analipa shule, anapokea ndugu waliokimbia. Majani, ndizi na mboga za wanyama zinunuliwe kwa wakulima wa hapa, na waliohamishwa na vita wasiachwe nje ya orodha. Mtu wa kujitolea hanunui chochote kwa jirani kwa sababu naye hana kitu.

Kwa hiyo nasema wazi. Wafadhili wanaoandika bajeti ya wanyama waanze na mstari wa mishahara ya walezi, kabla ya magari na semina. Vituo viwatangazie vijana wa Rutshuru, Nyiragongo, Lubero na Kabare nafasi hizo hadharani, zisiishie kwa wenye ndugu ndani. Staji iwe na tarehe ya mwisho na posho ya safari na chakula.

Nawe kijana unayetaka kweli kujitolea, kazi ipo mtaani kwako, na haikunyimi mkate. Ukiona mtoto wa sokwe au kima anauzwa, usimnunue hata kwa huruma. Pesa yako ndiyo itakayomrudisha mwindaji msituni, na ili apate mtoto mmoja huua mama yake. Sheria ya uhifadhi ya Februari 2014 inakataza biashara hiyo. Toa habari kwa ICCN, na uwaambie jirani zako vilevile. Hilo unaweza kulifanya bure. Lakini siku watakapokuita kulea yatima, uliza kwanza mkataba uko wapi, na usione haya kuuliza.