Picha Isikatwe wala Isivutwe

Hivi karibuni tulifika Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, ambako msafiri atokaye Sumbawanga huteremka kwa mashaka mpaka akutane na mashamba ya mpunga. Jioni tuliingia katika kibanda cha video. Ilikuwa ikioneshwa Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975, ambayo wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hawana haja ya kuelezwa. Ilipofika pale Dharmendra na Amitabh Bachchan wanapokwenda kwa pikipiki yenye kigari cha ubavuni, kioo kilituonesha mmoja tu. Mwenziwe alibaki sauti. Kijana mmoja akauliza kwa hasira, "Huyo wa pili ameshukia wapi?" Watu walicheka. Lakini swali lake lilikuwa la haki, nasi tumeona tulifikishe kwa wanaohusika.

Filamu ile ilitolewa kwa ukanda wa milimita 70, ambao upana wa picha yake ni zaidi ya mara mbili ya kimo chake. Televisheni za zamani zilikuwa na upana wa vipimo vinne kwa kimo cha vipimo vitatu. Tangu kampuni ya Fox ya Marekani ilipoleta CinemaScope mwaka 1953, picha za sinema zilipanuka ilhali kioo cha nyumbani kilibaki vilevile. Na waliotengeneza kanda za video, ili kioo kijae, wakakata ubavu wa picha. Filamu yenye upana wa 2.35 kwa kimo cha 1, ikikatwa hivyo, hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya picha. Mnunuzi wa khanga hakubali kupewa nusu ya pindo, lakini mnunuzi wa filamu haelezwi hata kidogo kwamba kimekatwa kitu.

Wapo wasemao kwamba ile mistari myeusi ya juu na chini ndiyo wizi wenyewe. Hatukubaliani nao, kwani mistari ile ni dalili kwamba picha imeachwa nzima. Hata hivyo, mtu aliyekaa benchi la nyuma kibandani, mbele ya televisheni ndogo, tunamwelewa anapolalamika.

Siku hizi ugonjwa umegeuka. Televisheni zimekuwa pana, vipimo 16 kwa 9, na zile picha za zamani zilizokaribia mraba ndizo zinazoteswa. Awara ya mwaka 1951, iliyojaza watu katika majumba ya sinema ya Unguja, huvutwa kwa upana hata Raj Kapoor akaonekana kama aliyekula pilau mwezi mzima. Hilo laweza kuchekesha. Halichekeshi tunapoziona picha za Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Muungano mwaka 1964 zimevutwa namna hiyo hiyo. Mwalimu alikuwa mwembamba. Mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka 1999 hakumwona kwa macho. Anamjua kwa picha hizo tu, na picha hizo zinamdanganya.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Televisheni ya Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi katika miaka ya 1970, wakati Bara ilingoja hadi miaka ya 1990 kupata televisheni yoyote. Kanda zilizorekodiwa katika zama hizo ni za umbo lile la nne kwa tatu. Kanda huoza, na joto na unyevu wa pwani huziharakisha. Hivyo ni lazima zinakiliwe. Picha iliyovutwa yaweza kurudishwa katika umbo lake kwa kubonyeza kitufe, lakini picha iliyokatwa wakati wa kunakiliwa, kisha kanda yake ya asili ikaoza, haina tiba. Walio kando ya fremu, ambao pengine ni babu zetu, watakuwa wametoweka moja kwa moja.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wanaosimamia hifadhi za picha, Bara na Visiwani, watoe agizo la maandishi kwamba hakuna kanda itakayonakiliwa ila kwa umbo lake la asili. Bodi ya Filamu, chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 1976, na wenzao wa Zanzibar, wawatake wasambazaji waandike juu ya jalada kama picha ni nzima au imepunguzwa. Stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye filamu mwaka 2013 zilimhakikishia mnunuzi kwamba kodi imelipwa. Kuhusu picha hazikumwambia neno.

Mwenye kibanda wa Muze, kwa kutaka kuwaridhisha wateja wake, alibonyeza kila kitufe cha rimoti. Amitabh hakurudi, kwani alikuwa ameondolewa zamani, kabla diski ile haijafika bondeni.