Tuhesabu Watoto Wanaofahamu, Si Vyombo Vilivyopokelewa

Sensa ya Watu na Makazi ilipomalizika mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani kuhesabu watu viligaiwa kwa walimu wa nchi yetu. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani mali ya umma haistahili kulazwa ghalani ikaliwa na vumbi. Lakini chombo kilichohesabu watu kinapopelekwa skuli kusaidia kusomesha hesabu, huzuka suala ambalo wananchi wa visiwa hivi, pamoja na viongozi waliokabidhiwa dhamana ya elimu, hawana budi kulijibu kwa ukweli. Je, mtoto wa Micheweni na mtoto wa Makunduchi wanafahamu hesabu leo kuliko walivyofahamu kabla ya chombo hicho kufika?

Tunauliza hivyo kwa sababu hali ya somo la Hisabati si ya kuridhisha hata kidogo. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano katika Tanzania nzima alifaulu somo hilo. Wanne waliobaki walifungiwa mlango. Hawatakuwa wahandisi wa bandari zetu, wala wapimaji wa ardhi, wala wataalamu wa bahari katika huo uchumi wa buluu unaozungumzwa katika kila mkutano. Tukiendelea hivyo, meli zitakuja na mitambo itafungwa, lakini watakaoiendesha itabidi watafutwe kwingine, na vijana wetu watabaki kubeba mizigo katika bandari yao wenyewe.

Wako wanaosema kwamba hesabu si fani yetu, na kwamba watoto wa visiwani wameumbwa kwa mambo mengine. Maneno hayo ni upotofu. Wazee wetu walihesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, na mkulima na nahodha walijua ni katika mwongo wa ngapi pepo hugeuka na mvua huanza. Katika vyuo vyetu wanazuoni wamegawa mirathi kwa thumuni, sudusi na thuluthi bila ya kalamu kutetemeka. Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Na ule mpangilio wa hatua unaoendesha kila programu ya kompyuta duniani, ambao mataifa mengi huuita algoritimu, umechukua jina lake kutokana na jina la bwana huyo. Kwa hiyo mtoto wetu anaposhika kompyuta kujifunza hesabu hachukui kitu cha watu wengine. Anarejea katika ghala ambayo wazee wake nao waliweka chakula ndani yake.

Basi sisi hatupingi vyombo vipya. Wala si mara ya kwanza kwa visiwa hivi kuvipokea. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika hazijaiona. Katika miaka ya 2000, watoto wetu wa maandalizi na wa madarasa ya mwanzo walisomeshwa kwa redio kupitia vipindi vya Tucheze Tujifunze. Njia hiyo ya masomo ya redio ilikuwa imejaribiwa kwanza katika somo la hesabu nchini Nicaragua kuanzia mwaka 1974, na watoto waliosoma kwa redio waliwapita wenzao. Siri yake haikuwa redio yenyewe. Siri ilikuwa somo lililotungwa kwa uangalifu, ambalo liliuliza suali, likanyamaza ili mtoto ajibu, kisha likampa jawabu sahihi papo hapo, huku mwalimu akiwa amesimama mbele ya darasa lake. Usione vyaelea, vimeundwa.

Ushahidi wa dunia unatufundisha jambo hilo hilo. Serikali ya Peru iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa watoto wa skuli. Wataalamu walipochunguza skuli 319 za vijijini na kutoa matokeo yao mwaka 2012, hawakuona tofauti yoyote katika hesabu wala katika lugha baina ya watoto waliopewa kompyuta na wasiopewa. Vyombo vilifika, lakini walimu hawakutayarishwa vya kutosha, na masomo ya darasani yalibaki vile vile. Mwaka 2015 Jumuiya ya OECD, ambayo ni ya nchi tajiri, ilitangaza kwamba hata nchi zilizotumia fedha nyingi sana kwa kompyuta za skuli hazikuonesha maendeleo ya maana katika usomaji, hesabu na sayansi.

Kwa upande mwingine, katika mji wa Delhi nchini India, mwaka 2015, watoto wa familia za kipato cha chini walisoma baada ya saa za skuli kwa programu iliyompima kila mtoto kwanza, ikajua amekwama wapi, kisha ikaanza naye pale pale alipokwama. Nusu ya muda walikaa na kompyuta, na nusu ya pili walikaa na mwalimu msaidizi katika kikundi kidogo. Katika muda wa miezi minne na nusu, maendeleo yao ya hesabu yalikuwa zaidi ya mara mbili ya yale ya wenzao. Huko iligundulika kwamba mtoto wa kawaida wa darasa la sita alikuwa nyuma ya kitabu cha darasa lake kwa zaidi ya miaka miwili. Mwalimu yeyote wa Unguja au Pemba anaijua hali hiyo. Darasa linasoma aljebra, na nusu ya darasa bado haijafahamu kugawa.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Ng'ambo ya mkondo wa Pemba, katika Mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 wa vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, katika shindano la dunia lililomalizika mwaka 2019. Vilichajiwa kwa umeme wa jua, na vilisomesha kwa Kiswahili. Wengi wa watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda skuli, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu, na hesabu zao pia zilipanda. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini tusisahau upande wa pili wa hesabu hiyo: nusu nyingine ilibaki pale pale. Chombo peke yake kilifika nusu ya safari.

Tukiingia darasani, faida ya vyombo hivi ni dhahiri kwa mwalimu anayejua anachokitafuta. Mwalimu wa sekondari anayechora ubaoni mchoro wa mlinganyo wa kipeo cha pili humaliza robo ya kipindi kwa mchoro mmoja. Kwa programu ya GeoGebra, ambayo ilianzishwa nchini Austria mwaka 2001 na ambayo mwalimu huipata bila ya malipo, anaweza kubadilisha namba moja na darasa zima likaona mkunjo unavyobana, unavyotanuka, na unavyopinduka juu chini namba ile inapokuwa hasi. Hapo mwanafunzi anafahamu kwa macho jambo ambalo zamani alilikariri bila ya kulifahamu. Na kwa kazi hiyo hakihitajiki kishikwambi kwa kila mtoto. Hutosha kompyuta moja na projekta moja. Lakini baada ya kuona, mtoto lazima achukue penseli, rula na karatasi, achore mwenyewe. Hesabu huingia kichwani kwa kupitia mkononi.

Hapa ndipo tunapotoa tahadhari kubwa. Zipo sasa programu za akili mnemba ambazo mtoto huzipa suali la hesabu zikamtolea jawabu pamoja na hatua zake zote. Nchini Uturuki wanafunzi wa sekondari wapatao elfu moja walifanyiwa uchunguzi katika somo la hesabu. Wale walioruhusiwa kuitumia programu ya aina hiyo kama walivyotaka walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48. Lakini walipoondolewa chombo na kutahiniwa wenyewe, walianguka kwa asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakukitumia kabisa. Kundi jingine lilipewa programu iliyowekewa mipaka, inayotoa dokezo bila ya kutoa jawabu, na hilo halikupata hasara hiyo. Wazee wenye watoto waipime vyema habari hii. Simu inayomfanyia mtoto kazi ya skuli humwibia mtoto huyo elimu yake, naye akidhani amesaidiwa.

Kutokana na hayo yote, tunaona kuna mambo matano ambayo viongozi wa elimu hawana budi kuyatimiza kabla ya kutia saini mkataba mwingine wa kununua vyombo.

Kwanza ni mwalimu. Fedha za kumfunza mwalimu zitengwe pamoja na fedha za chombo, zisingojee mwaka wa fedha unaofuata. Na mafunzo hayo yasiwe ya siku mbili za kujua kitufe cha kuwashia. Yawe ya namna ya kusomesha sehemu, uwiano na aljebra kwa kutumia chombo hicho. Vituo vya walimu vipo Unguja na Pemba, na hapo ndipo pahala pake.

Pili ni lugha. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto asiyefahamu maneno ya suali hawezi kulaumiwa kwa kukosa jawabu. Programu zitakazoletwa ziwe na maelezo ya Kiswahili fasaha, ili mtoto abebe mzigo mmoja kwa wakati mmoja. Watoto wa Tanga walijifunza kwa lugha yao, na hilo halikutokea kwa bahati tu.

Tatu ni umeme na mtandao. Watu wa Unguja hawajasahau miezi mitatu ya kiza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika. Waya mpya umekuja tangu hapo, na Pemba nayo iliungwa na Tanga mwaka 2010, lakini somo halifai kutegemea waya mmoja. Zipo programu kama Kolibri, zinazohifadhi masomo katika kompyuta moja ya skuli na kuyagawa darasani bila ya intaneti. Hizo ndizo zinazolingana na hali zetu, pamoja na paneli za umeme wa jua.

Nne ni matengenezo. Hewa yetu ni ya chumvi na unyevu, na chombo chochote cha umeme hapa kinachakaa upesi. Pasipo fundi, vipuri na fungu la fedha la kila mwaka, ununuzi huo ni sawa na kushusha jahazi baharini bila ya kulitia kalafati. Vijana wa vyuo vya mafunzo ya amali wapewe kazi hiyo. Watajifunza, na fedha zitabaki nchini.

Tano ni usawa. Mradi wowote mpya huanza mjini, ukaitwa wa majaribio, na ukamalizikia mjini. Tunapendekeza utaratibu ugeuzwe: uanze Kojani, Tumbatu na Uzi, kisha urudi mjini. Ukifaulu huko, kwengine kote utafaulu. Na waangaliwe hasa watoto wa kike, kwani nyumba yenye simu moja mara nyingi humpa kaka simu na humpa dada kazi za jikoni.

Juu ya yote hayo, tunataka ripoti zibadilike. Ripoti inayosema kwamba vishikwambi kadhaa vimepokelewa, vimekabidhiwa na picha imepigwa, haimwelezi mwananchi kitu. Aelezwe ni watoto wangapi wa darasa la nne walioweza kugawa mwezi wa Januari, na wangapi waliweza mwezi wa Novemba. Katika skuli zilizopata vyombo na katika skuli zisizopata. Hesabu hiyo ibandikwe katika ubao wa kila skuli na isomwe katika mkutano wa kila shehia. Kiongozi asiyeweza kuitoa asiombe fedha za awamu ya pili.

Elimu ya visiwa hivi ilitangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba 1964, ili mtoto wa mkulima na wa mvuvi akae benchi moja na mtoto wa mwenye mali. Ahadi ile haikuwa ya kuingia mlangoni tu. Ilikuwa ya kutoka na elimu. Tunatoa wito kwa Wizara, kwa walimu, kwa kamati za skuli na kwa wazee wote kwamba vishikwambi vilivyomo makabatini vitolewe, vikaguliwe, viwekewe masomo ya hesabu ya Kiswahili, na vianze kazi muhula ujao mikononi mwa walimu waliofunzwa. Na ufikapo mwisho wa muhula, tuulizane: wangapi wamefahamu?