Penalti Ilikuwa Halali

Mimi ni wa Ualimu, na bado nasema: penalti waliyopewa watu wa Sheria Jumamosi ilikuwa halali. Kipa wetu alipangua, refa akaamuru irudiwe, sisi pembeni tukalipuka: "Kanunuliwa huyo!" Hata mimi nilipayuka. Jamani, kipa alishatoka na miguu yote miwili. Kanuni inataka walau sehemu ya mguu mmoja iwe kwenye mstari, usawa wake, au nyuma yake, mpira unapopigwa.

Sasa tunapiga hesabu za nusu fainali, tukiwaombea Biashara wafungwe. Sawa. Ila refa yule ni mwanachuo mwenzetu, na tangu siku ile hakanyagi kantini kwa kuogopa matusi yetu. Tukikutana tena na Sheria, nani atakubali kushika filimbi?

Mimi naenda kumwomba radhi. Twendeni.